Dakika Sita za Wifi

Kaka yangu hakulia. Nianze hapo hapo, maana wengine wakimzungumzia huanza na utumishi wake na vyeti vya shirika, na mimi sina muda wa vyeti. Mke wake alifariki, tukamzika, watu wakaja, wakala, wakaondoka, na yeye hakutoa chozi hata la kusingizia vumbi. Msiba haujaisha sawasawa, akavaa shati safi, akachukua mkoba wake.

“Unakwenda wapi?” nikamuuliza.

“Kazini. Kuna ratiba.”

Kazi yake ndiyo hiyo, ratiba. Yuko shirika la treni za mkoa, lile la umma, maana yake ni mali ya kila mtu na kila mtu ana haki ya kulilaumu. Treni ikichelewa, abiria wanamtukana dereva. Lakini aliyepanga iondoke saa ngapi, isimame wapi, ipishane na ipi, ni kaka yangu na wenzake wawili, katika chumba cha juu ya stesheni kuu chenye dirisha linalotazama mapaa ya mabehewa. Wenzake wanatumia kompyuta moja kwa moja. Yeye huanza na penseli na rula, kwenye karatasi pana kama shuka la kitanda. Kila treni ni mstari. Treni ikienda, mstari unapanda. Ikisimama stesheni, mstari unalala kidogo, halafu unaendelea kupanda. Ofisini wanamwita Bwana Dakika na yeye hajui kama wanamtania.

Maneno hana. Tangu utotoni hana. Mama yetu alikuwa akisema kwamba mkubwa aliyaacha maneno yote tumboni, mdogo akaja akayazoa. Mdogo ni mimi.

Hata mke alimpata kwa ajili ya treni. Enzi hizo alikuwa mkata tiketi, bado kijana, kaa dirishani toa tiketi. Akaja binti mmoja mshonaji, amevimba kwa hasira, akapiga kidole kwenye kioo, akamwambia, “Ratiba yenu hii ni ya uongo.” Kaka akalifikiria neno hilo. Foleni nyuma inanung’unika, yeye anafikiria. Kisha akajibu, “Si uongo, dada. Ni matumaini.” Wifi alicheka mpaka akaikosa na treni iliyofuata. Nadhani hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote aliyowahi kumwambia, na ndoa ikaishi juu ya hayo hayo miaka na miaka, bila mtoto, bila kelele.

Wifi alishona katika hospitali ya mji wa juu: mashuka, mapazia, makoti ya madaktari yaliyochanika mifuko. Kufika huko unapanda treni ya kwanza, unashuka stesheni ya katikati, unavuka daraja la ngazi juu ya reli, unapanda treni ya pili upande wa pili. Kwa mtu mzima wa afya, si kitu. Nyonga ya wifi ilipoanza kuharibika, ikawa kitu. Lifti ipo, tusiwaonee. Na karatasi ya kusema lifti ni mbovu ipo pia, na kati ya hivyo viwili karatasi ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Kila mara wifi anafika chini ya ngazi, anahema, treni ya pili hiyooo inampungia. Anakaa kungoja nyingine. Kazini anafika amechelewa, msimamizi anamkunjia uso.

Siku moja nilimwendea kaka ofisini kwake, nikamsema mbele ya wenzake. “Mkeo anapandishwa ngazi kama mbuzi, kazi inataka kumponyoka, na wewe umekaa hapa unachora! Umemwambia hata pole?”

Aliwangoja wenzake watoke kwenda kunywa chai, ndipo akafunua karatasi yake na kuniwekea kidole mahali. Palikuwa na mstari uliolala, mfupi, urefu wa ukucha.

“Nini hii?”

“Treni ya pili. Itamngoja. Dakika sita.”

Nikaangalia ule ukucha. Treni nzima, na dereva wake, na kondakta wake, na watu wote waliomo, imesimama kila asubuhi kwa ajili ya nyonga ya wifi yangu.

“Umemwambia?”

“Hapana. Na wewe usimwambie.”

“Kwa nini, jamani?”

“Treni ni ya umma,” akasema. “Akijua, ataona haya kuipanda.”

Nikafunga mdomo, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi gani. Mabosi walipouliza zile dakika ni za nini, kaka alijibu “sababu za kiufundi,” na hakuna bosi anayebishana na ufundi asioujua. Wifi akaacha kuchelewa. Kwenye meza ya chakula kimya kikaendelea vilevile.

Kisha ikaja ile homa, ikamchukua kabla hata ya mwaka wake wa kustaafu kufika.

Mimi nikahamia kwa kaka, maana mtu hawezi kuachwa hivyo. Nilikuta nyumba imenyooka. Ndani ya mwezi alikuwa ameshagawa nguo za marehemu zote, na cherehani akampa jirani, akamsaidia kuibeba mpaka mlangoni, akarudi akanawa mikono. Ningemwona analikumbatia gauni moja ningefurahi. Sikuona. Anaamka, anaoga, anakwenda kazini, anarudi, anakula, analala. Nikimwuliza umeshindaje, “Vizuri.” Nikimwuliza kuna nini, “Hakuna.” Nikaamua kumpima. Nikapika wiki nzima bila chumvi, hata chembe. Siku ya mwisho mimi mwenyewe chakula kilikuwa kimenishinda. Yeye anamaliza sahani, anasema, “Asante, mdogo wangu.”

Nikajua moyo umekufa ganzi. Na ganzi inaambukiza, msidanganywe. Nami nikaanza kukaa tu, nimeshika ufagio, sikumbuki nilikuwa nafagia wapi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikinipa usingizi. Jioni, akishavua viatu, namwuliza, “Kaka, ile treni bado inasimama?”

“Mm.”

Basi. Hiyo “mm” ilinitosha. Wifi hayupo, lakini kila asubuhi ile treni inamngoja, na anayeingojesha ni huyu huyu aliyekaa hapa kama kabati. Nikajiambia, ilimradi zile dakika zipo, kaka yangu yumo ndani humo mahali fulani. Siku zitakapofutwa, sina kaka tena, nina mpangaji.

Sasa watu wa mji wa juu wakaomba treni moja zaidi ya asubuhi. Walikuwa na haki yao, wanasimama kwenye mabehewa kama kuni. Lakini upande ule reli ni moja tu, treni ikikaa stesheni inaizuia nyingine, na nafasi ya treni mpya ilikuwa inaliwa na zile zile dakika sita. Bosi wa kaka, mama mmoja muungwana sana, akaja hadi mezani kwake.

“Mzee wangu, hizi dakika bado tunazihitaji kiufundi? Ukisema tunazihitaji, mimi nawaandikia kwamba haiwezekani, yameisha.”

Aseme ndiyo tu. Neno moja, na neno moja analo. Kaka akachukua raba.

“Hazina kazi,” akasema.

Haya alinisimulia mwenyewe jioni ile, anakula, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Kijiko kikanidondoka.

“Umezifuta?”

“Aliyezihitaji hayupo.”

“Na wewe je?” Nilikuwa nimeshasimama, napiga kelele, majirani wamesikia. “Wewe upo?”

Akalifikiria swali langu vizuri, kwa haki kabisa, kama alivyolifikiria lile neno la dirishani.

“Sijui,” akasema.

Nikaenda jikoni nikalia mimi. Nililia kwa niaba yake, nikachoka, nikalala na hasira. Tukakaa hivyo wiki kadhaa, naye hakuona tofauti.

Kaka ana desturi: siku ya kwanza ya ratiba mpya huisafiria mwenyewe, apate kuona kama karatasi yake inatembea. Nikamwambia siku hiyo nakwenda naye, nina macho ya kupima hospitali ya mji wa juu. Macho yangu ni mazima. Nilitaka tu asiende peke yake.

Treni ya kwanza ilikwenda vizuri. Tukashuka stesheni ya katikati. Lifti, karatasi. Tukaanza ngazi. Mimi na mwili wangu huu, na watu wa upande ule wanateremka wametujia usoni na mabegi yao, nikashika ukuta nikapumua. Kaka angeweza kutangulia, ni mwembamba kama penseli yake. Hakutangulia. Tukafika juu, tukavuka, tukaanza kuteremka, na kabla hatujafika chini kondakta akapuliza filimbi, milango ikajifunga, treni ikaondoka. Kwa wakati wake kamili. Kaka akatazama saa.

“Imetoka sawa,” akasema, akaketi kwenye benchi.

Nilitaka kumpiga. Sikuwa na pumzi.

Nyuma yetu akateremka mama mmoja wa makamo, mwenye fimbo, aproni ya jikoni imechungulia chini ya koti. Ngazi moja, anasonya; ngazi ya pili, anasonya. Alipofika chini akaitazama reli tupu, kisha akatutazama sisi kana kwamba tumeila.

“Hii huwa inangoja,” akasema. “Miaka yote inangoja. Leo imepatwa na nini?”

“Ratiba mpya, dada yangu,” nikamwambia.

“Ratiba mpya! Na ni mwerevu gani huyo aliyeibadilisha?”

Kaka akasema, “Ni mimi.”

Yule mama akampandisha na kumshusha kwa macho. Kisha akajiketisha taratibu pembeni yake, akaisimamisha fimbo kati ya magoti.

“Uko ofisi ya ratiba?”

“Ndiyo.”

“Basi nina salamu. Huko kwenu kuna mume wa mshonaji wetu wa hospitali, yule mshonaji aliyefariki. Mimi ni mpishi wa hapo hapo, tulikuwa tunasafiri pamoja. Mazishi sikufika, nilikuwa zamu, la sivyo ningemjua sura. Mwambie hivi: mpishi anasema hana haya. Kaburi la mwenzake bado bichi, anakaa kimya watu wanafuta treni ya mkewe.”

Kaka akageuka. “Treni ya mkewe?”

“Tulikuwa tunaiita hivyo sote. Siku ya kwanza ilipongoja, tumefika hapa chini roho mkononi, tukaikuta imetulia, milango wazi. Tukasema leo dereva kasinzia. Mshonaji akasema hakusinzia mtu, mume wangu ndiye kaisimamisha. Tulimcheka sisi! Akasema chekeni tu, juzi nilimwambia zile ngazi zitaniua, akaniitikia ‘mm.’ Hiyo ndiyo ‘mm’ yenyewe, imesimama hapo.”

“Hakujua,” kaka akasema. Sauti ilikuwa imembadilika.

“Nani hakujua? Kila asubuhi kabla ya kupanda alikuwa akiligonga behewa kwa kiganja, hivi, kama mtu anayempigapiga mwenzake begani. Ndipo anaingia.”

“Hakuambiwa. Mimi sikuwahi kumwambia.”

Mpishi akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Aliposema tena alisema polepole.

“Ni wewe.”

“Sikuwahi kumwambia,” kaka akarudia.

“Baba wee,” akasema yule mama. “Treni nzima inakungoja wewe, na dereva wake, na watu wake, kila kukicha. Uambiwe nini tena?”

Kaka akavua miwani. Akatafuta mahali pa kuiweka, hakupaona, nikaichukua. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si utotoni, si alipokufa mama. Alilia kwa kinywa wazi, mbele ya watu wa stesheni, kamasi zinamtoka, mtu wa heshima zake. Wapita njia wakawa wanapunguza mwendo. Nilikuwa nimeyaomba machozi hayo tangu siku ya mazishi, na nawaambia ukweli, yalipokuja nilitamani yakome.

“Alijua,” alikuwa akisema. “Alijua, na mimi nimezifuta.”

Nilimshika mkono tu, na mpishi akamshika ule mwingine.