Mshikaki wa Mtani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia moto tupikie na majirani tule nao. Yeye ndiye aliyenifikisha umri huu nikiwa na meno machache na kumbukumbu nyingi, nami namshukuru kwa yote mawili.

Mwanangu, kaa nikusimulie. Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, hapa hapa Ng'ambo, Tabora, nilipokuwa binti wa kuposwa. Mavuno yalikuwa yamekwisha ingia ndani, na miezi hiyo majiko ya mkaa hutolewa nje, mbele ya nyumba, kila mtaa ukanukia nyama. Siku hiyo jiko letu lilikuwa na heshima zaidi, kwa sababu wageni wa posa walikuwa njiani. Mama alikuwa amelaza nyama ya mbuzi katika tangawizi, ndimu na papai bichi tangu asubuhi. Kaka yangu Shabani ndiye aliyesimama motoni, akigeuza mishikaki iliyochomekwa kwenye njiti za baiskeli.

Mshenga wa posa ile alikuwa Mzee Kondo, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alikuwa Mzaramo, alikuja Tabora ujanani kwa gari moshi, akasahau kurudi. Aliyeniposa ni mpwa wake, Ramadhani, seremala mpole ambaye moyo wangu ulikwisha mkubali kabla baba hajaulizwa. Hilo liwe baina yako na mimi.

Sasa, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya tonge, hata kukuvua kofia, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Basi Mzee Kondo alipofika na mpwa wake, hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachomoa mshikaki wa maini, ule mnono kuliko yote, akang'ata.

"Mnyamwezi," akasema, mdomo umejaa, "nakupunguzia mzigo. Nyinyi mmezoea kubeba, mtabeba mpaka lini?"

Watu wakacheka. Shabani hakucheka. Wakati ule alikuwa kijana wa mikutano, maneno ya Ujamaa yanamtoka kama maji, na mengi yalikuwa maneno mazuri. Lakini siku hiyo alichukua neno la mkutanoni akalileta jikoni.

"Wewe mzee ni kupe," akasema, bila hata chembe ya mzaha. "Unakula jasho la wenzio."

Mwanangu, huenda wewe hulioni zito. Miaka ile kupe alikuwa mnyonyaji, adui wa wananchi. Na balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama, alikuwa ameketi pale pale barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Kicheko kilikatika. Mzee Kondo aliurudisha mshikaki jikoni, taratibu, akajifuta vidole, akamwambia mpwa wake, "Twende, Rama. Hapa tumekuwa wageni."

Wakaondoka. Nami nilikuwa nyuma ya mlango, nimevaa khanga mpya, nikiona posa yangu inapinda kona.

Shabani si mtu mbaya. Jioni ile ile alijutia, akapanga mishikaki kwenye sahani, akaifunika kawa, akaenda kuomba radhi. Alirudi na sahani ikiwa imejaa vilevile.

"Amekataa," akasema. "Kaniambia kupe hana meno, eti niwapelekee wenye meno."

Baba, Mungu amrehemu, alimwashiria Shabani aiweke sahani chini. Ndipo akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Babu yako alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Akifika Uzaramo njaa imemkaba, aliingia jikoni mwa watu, akafunua chungu, akala. Hakuna aliyemwita mwizi. Walimwita mtani. Leo Kondo amekula maini yetu. Kati yao wawili, kupe ni nani?"

Shabani akainamisha kichwa. "Nimekwisha mwomba radhi, baba. Nifanye nini tena?"

"Umemwomba kama mtu baki, ndiyo maana imemuuma zaidi. Mtani haendewi kwa sahani iliyofunikwa. Nenda kamnyang'anye kitu."

Kesho yake, watu wakitoka msikitini baada ya alasiri, Shabani alimvizia Mzee Kondo, akamvua kofia, akaivaa yeye, akatimua mbio.

"Mzaramo, kichwa chako hakistahili kofia! Ukiitaka, ifuate jikoni kwetu!"

Mtaa mzima ulisimama. Sisi tuliokuwa nyumbani tuliona kwanza Shabani anaingia anatweta, kisha, baada ya kitambo kilichonikondesha, Mzee Kondo kichwa wazi, upara unang'aa, Ramadhani nyuma yake.

"Nimefuata kofia yangu," akanguruma. "Binti yenu simtaki, ana kaka mwizi!"

Kisha akaenda jikoni, ambako mama alikuwa ameweka mingine motoni, akachomoa mshikaki wa maini. Nikajua nimeposwa.

Miaka ikapita. Baba alipofariki, jeneza likiwa tayari kutoka, Mzee Kondo, sasa amezeeka kweli, alisimama mlangoni akatandaza mikono. "Hatoki mtu! Huyu akienda, nani atanichomea maini?" Watu walicheka huku wanalia. Wapo wasemao mzaha msibani haufai, nami siwabishii, wana elimu yao. Ninachojua ni kwamba kabla kicheko hakijaisha alishusha mikono, akatia bega lake la kizee chini ya jeneza, mbele kabisa, Shabani akiwa ubavuni mwake.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Walisema kweli, ila hawakumhesabu mtani.

Basi nasaha yangu ni hii. Siku hizi kila mtu ana sahani yake, na majiko ya mishikaki yamejaa mjini, alhamdulillahi. Acha mshikaki mmoja pembeni ya moto, usio na mwenyewe, kwa ajili ya mkono utakaokuja bila hodi. Neno ulilolisikia kwa wakubwa lipime kabla ya kumrushia mtu wako, kwani heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukijikwaa, usiombe radhi kwa mbali, ukasimama mlangoni kama mgeni. Ingia.

Ewe usomaye, Mola akupe riziki inayonukia mpaka kwa jirani, na akujaalie watu wa kukunyang'anya tonge ungali hai, na wa kukubeba begani siku utakaposhindwa kutembea. Amina.