Mwano Nje ya Ukuta wa Jela

Vijana wa magereza siku hizi wakijisifia simu zao za upepo, mimi nacheka tu. Enzi ya mkoloni sisi tulikuwa na filimbi, basi. Na bado nazililia siku zile, sioni haya kusema.

Nilikuwa askari mpya kwenye jela ndogo nje ya Shinyanga, kazi yenyewe ya majaribio. Mke wangu alikuwa mjamzito, na alishakipenda chumba chetu cha kota. Bwana Jela, Mzungu mmoja mkali, akanionya: mkaguzi wa serikali anakuja kuangalia kufuli, kuta na jinsi tulivyojiandaa kwa hatari. Nikiharibu, nirudi kwetu kuchunga ng'ombe.

Asubuhi hiyo nilikuwa na wafungwa kumi na wawili kwenye shamba la pamba, nje ya ukuta. Mara moshi mzito ukapanda nyuma ya jiko la jela. Hakuna aliyeniambia kwamba mkaguzi mwenyewe ndiye aliyechoma nyasi mbichi ili atujaribu! Amri ilikuwa kupiga filimbi na kuwakalisha wafungwa chini. Nikaitia mdomoni. Mate yamekauka, ikatoa pumzi tupu. Basi nikafanya nilivyozoea tangu utoto: nikapiga mwano.

Kwetu Usukumani mwano ni ukelele wa hatari. Ukiusikia unaacha ulichoshika, unakimbilia sauti inakotoka. Anayekaa nyumbani akausikiliza tu, siku yake ya msiba atajichimbia kaburi mwenyewe.

Mama yangu we! Wafungwa wote wakanipita mbio, majembe mkononi. Nikajua kazi imekwisha, kama namwona mke wangu akifunga mizigo. Kumbe wanakimbilia jela! Wakaingia langoni, na nyuma yao kijiji kizima, wanaume na pinde, wanawake na mitungi ya maji. Moto ukazimwa na mkaguzi akaloweshwa kuanzia kofia mpaka soksi.

Tukawahesabu wafungwa wangu. Kumi na watatu! Bwana Jela akahesabu tena, kumi na watatu. Aliyezidi alikuwa mzee aliyemaliza kifungo mwezi uliopita. Alisikia mwano akaja, kisha akaingia kwenye mstari kwa mazoea. Mkaguzi alicheka mpaka akakaa chini, nami nikaachiwa kazi yangu.

Jioni nikamuuliza mfungwa mmoja, mwizi wa ng'ombe ambaye nyumba yake ilionekana kutoka shambani, "Ndugu yangu, mbona hukutoroka?"

Akanikazia macho kana kwamba nimemtukana. "Afande, si umepiga mwano? Ningekwenda nyumbani, mke wangu angenifungulia mlango?"

Lakini mkaguzi alikuwa na kalamu yake. Aliporudi kwao akaandika amri: mwano marufuku, raia wasisogelee jela, tuletewe king'ora. Kikaletwa, cha kuzungusha kwa mkono, kinalia vibaya hicho!

Siku tuliyokijaribu, kijijini hakutoka hata mtu mmoja. Shambani wafungwa waliinua vichwa, wakatazamana. Yule mwizi wa ng'ombe akalaza jembe lake chini taratibu, akashika njia ya kwake. Nikapuliza filimbi, safari hii ikalia vizuri kabisa, wala hakugeuka.

Mwano ulikuwa kooni. Najua ningeupiga angerudi. Nikaikumbuka kazi yangu, nikaumeza.