Betri Juu ya Paa

Mimi ni mwoga, wala sioni haya kusema. Maabara ya kemia pale chuo kikuu inawapenda waoga, maana betri za lithiamu hazitaki mtu wa kujifanya shujaa. Ukizipa joto kupita kiasi zinavimba, zikivimba zinaweza kupasuka, na moto wake kuuzima ni kazi. Mimi ndiye niliyezifunga zile sita za kwanza, kila moja ndani ya sanduku lake la plastiki, na kila iliyotoka mlangoni iliondoka na amani yangu.

Zilikuwa za majaribio. Chuo na kampuni moja ya betri walikubaliana kujenga Kisangani kituo cha kutengeneza betri kwa ajili ya mkoa mzima na majirani zake. Kabla ya kutia saini, kampuni ilitaka kuziona zikikaa miezi michache katika nyumba za watu wa kawaida, ziwashe taa na kuchaji simu. Nyumba nilizichagua mimi. Moja ilikuwa ya tonton, mdogo wake baba, mvuvi wa Wagenia. Nyingine, na hapa nakiri upendeleo, ilikuwa ya mama yangu mzazi kule Yanonge. Nilimkabidhi betri ile kwa majivuno, kama mtu anayempelekea mama yake kitenge kipya.

Maelekezo pia niliyaandika mimi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Isiingie maji. Isifunguliwe. Isipigwe. Profesa aliyasoma akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Siku ya ziara nilimpeleka kwa tonton mhandisi wa kampuni, mwanamke mpole aliyekuwa ametua uwanja wa ndege wa Bangboka jana yake. Ndani ya nyumba, pale betri ilipopaswa kuwa, palibaki waya tu. Nikauliza iko wapi.

"Iko ku jua, mutoto yangu," tonton akajibu kwa furaha. "Ilianza kuchoka. Bon, nikaianika, ipate nguvu mbele ya bageni kufika."

Ilikuwa juu ya bati la jiko, imepangwa vizuri pamoja na betri nne ndogo za redio. Sanduku lilikuwa limetuna, kifuniko kimeinuka upande mmoja.

Kwetu kila mtu anafanya hivyo. Betri za redio zikichoka unazianika juani, na jioni redio inaimba tena kidogo. Nilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kwenye maelekezo yangu, neno jua halikuwemo.

Niliwarudisha watu wote nyuma, nikapanda kwenye kigoda, nikaiteremsha kwa koleo, taratibu, mpaka kwenye shimo la mchanga. Haikupasuka. Mhandisi alikuwa ananitazama. Nikiri tena: uongo ulinijia mdomoni. Ningeweza kusema ni kituko cha mzee mmoja, na kituo kingejengwa.

"Watafanya hivi wote," nikasema. "Nyumba zote sita."

Alifunga daftari lake. "Basi saini ingoje. Piga simu."

Nyumba nne walipokea. Mbili kati ya hizo walikuwa tayari wameianika betri yao. Simu ya mama haikupatikana, na mama huichaji simu yake kwa betri ile ile. Nikajaribu mara kumi. Nikajiambia labda yuko shambani, nikajiambia labda mtandao, na sikujiamini hata kidogo. Paa la mama ni la majani.

Nilivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kwetu, hadi Lubunga, nikapanda pikipiki kuelekea Yanonge. Sijawahi kuogopa hivyo, na mimi kuogopa ni kazi yangu. Msimu ule watu walikuwa wanachoma mashamba mapya, na kila moshi nilioona juu ya miti ulikuwa nyumba ya mama. Dereva alinisemesha. Nilikuwa nahesabu mioshi.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mama alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa, anachambua pondu, majani ya muhogo, na juu ya kichwa chake, kwenye majani makavu, lilikuwa sanduku langu limetuna kuliko lile la tonton. Nilimvuta kwa mkono bila salamu, majani ya pondu yakamwagika. Akafikiri nimeletwa na msiba. Nikachimba shimo, nikaomba koleo kwa jirani, nikapanda ngazi nikiwa nimebana pumzi. Lilipofunikwa na mchanga ndipo hasira ikanitoka, hasira ya mtu aliyeogopa kutwa nzima. Nikamfokea mama yangu mbele ya majirani: nani alimwambia aianike? Nani kamfundisha ujinga huo?

Mama hakukasirika. Aliinama kuokota pondu lake.

"Alors, si weye?" akasema. "Weye njo ulikuwa unapandaka juu ya nyumba kuanika betri za papa yako. Tulikutumaka weye, juu ya vile ulikuwa mwepesi."

Nikainua macho. Pale majani yalipobonyea palikuwa kwenye kona ya mbele. Kona ile niliichagua mimi, utotoni, kwa sababu jua haliondoki pale mpaka jioni.