Namba ya Kibali

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2014. Mvua imetuanza tukiwa bado Kasulu na imetufuata hadi Kibondo, si kubwa, ila haikati. Nimetega ndoo mbili kwenye mchirizi wa bati, ndipo nikakaa kuandika.

Wiki nzima sikuandika kitu. Nitajaribu kuyapanga yalivyotokea. Sina uhakika kama nitayaweka sawa, maana nina hasira, na mwenye hasira huwa anaongeza chumvi bila kujua.

Mama yangu anaishi nasi tangu alipovunjika nyonga. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Kanisani tulitangaziwa kwamba madaktari wa macho watakuwa hospitali Kasulu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wanapasua bure, halafu basi, hadi mwakani. Mama hawezi kukaa kwenye basi kwa sababu mguu haukunji. Kwenye gari letu analala kiti cha nyuma, tunamwekea mito. Kwa hiyo safari ya macho ya mama ilikuwa inategemea gari.

Na gari lilikuwa gereji. Tulilinunua kwa kampuni moja ya Dar inayouza magari yaliyotumika, wakatupa na karatasi ya udhamini wa mwaka mmoja: likiharibika unalipeleka kwa fundi wao, wanatengeneza wao. Giaboksi ilikufa mwezi wa kumi. Jumatatu asubuhi nilimkuta fundi wao wa hapa Kibondo anajifuta oili mikononi, anacheka.

"Gari limepona mama. Ukilisikia utadhani limetoka melini leo."

"Basi nipe ufunguo, kesho tunakwenda Kasulu."

"Ufunguo huu hapa, unauona. Kibali ndicho hakipo."

Akanieleza. Gari la udhamini halitoki gereji mpaka makao makuu watoe namba ya kibali, na namba hiyo hawampi fundi, anapewa mwenye jina kwenye karatasi, kwa kupiga simu huduma kwa wateja. Jina kwenye karatasi ni langu. Nikamwambia, wewe si unanijua, hebu nipe tu. Akasema mwaka jana alimpa padri mmoja gari bila kibali, kwa heshima, na kampuni ikamfungia kazi miezi mitatu. "Padri aliniombea," akasema, "lakini watoto hawakula maombi." Ana watoto watano, nyumba ni ya kupanga.

Nikapiga. Sauti ya mwanamke, nzuri, kama ya redioni, ikanikaribisha. Kununua gari bonyeza moja, vipuri bonyeza mbili, malalamiko tatu, kuongea na mhudumu sifuri. Nikabonyeza sifuri. Ikasema wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine, simu yangu ni ya thamani kwao, nisubiri. Halafu muziki. Nilisubiri mpaka vocha ikaisha. Nikanunua nyingine, nikaikwangua palepale dukani, muziki ukaanza upya kama vile sijawahi kupiga.

Jioni niliweka sauti kubwa ili nipige huku nachambua maharage. Sauti iliposema habari, karibu, mama aliyekuwa mkekani akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimu, akaitikia na kuuliza wa huko wameshindaje. Sauti ikaendelea na moja na mbili zake.

"Huyu binti ana haraka gani?" mama akauliza.

"Si mtu mama. Ni mashine."

"Na aliyeifundisha kusalimu hakuifundisha kunyamaza?"

Tulicheka. Jumatatu bado tulikuwa tunacheka.

Jumanne jirani yetu, mwalimu mstaafu, alisimama mlangoni na mwavuli wake. Alikuwa amesikia habari zetu.

"Chukueni gari langu mumpeleke bibi. Mimi naondoka Alhamisi kwenda Kigoma, hadi hapo limekaa tu."

Nikamjibu, "Asante mwalimu, Mungu akubariki. Letu limeshapona, limebaki kibali tu, ni simu moja."

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Mume wangu hakuwepo, alikuwa shambani Murungu, hakuna aliyenishauri vibaya. Niliona aibu kuazima gari na langu lipo zima mtaa wa pili. Labda pia nilitaka watu waone tunampeleka mama kwa gari letu. Sijui. Naliandika na hilo.

Jumatano, baada ya muziki mrefu, akapokea mtu, binti. Nilijua ni mtu kwa sababu alikohoa.

Sasa sisi huku hatumwingilii mtu na shida kabla hatujamalizana na salamu. Unauliza walioko nyumbani, watoto, shamba, mvua. Anayeruka salamu anaonekana amekuja kwa ugomvi. Na mimi nilimtaka yule binti awe upande wangu.

"Hujambo mwanangu? Habari za huko?"

"Nzuri mama, nikusaidie nini?"

"Nyumbani hawajambo? Wazazi?"

"Hawajambo mama."

"Na mvua, mmepata?"

"Huku ni joto tu mama," akasema, na akacheka, kicheko kizuri kabisa, cha mtu aliyechoka. "Naomba namba ya gari."

Ningeitaja namba. Ilikuwa mbele yangu, nimeiandika kwenye kiganja. Lakini nikaona nianze na mama, na nyonga, na madaktari, ili ajue kwa nini nina haraka. Nilifika kwenye nyonga, simu ikakata. Salio limekwisha, nusu saa yote ilikuwa imeliwa na muziki. Nilikimbia dukani bila viatu. Nilipopiga tena niliambiwa wahudumu wote wanawahudumia wengine, na saa kumi na moja wakafunga.

Yule binti hakunipigia. Nimewaza kwamba hana ruhusa, au hakuiona namba yangu. Hakuwa mkali kwangu, hilo lazima niliseme.

Alhamisi asubuhi mwalimu aliondoka na gari lake. Mchana akapokea mwanaume, nami safari hii sikumsalimu hata kidogo. Nilitaja namba ya gari kama askari. Akasema mtandao wao umelala, nipige baadaye. Baadaye ilikuwa muziki.

Ijumaa saa nne kibali kikaja chenyewe kwa ujumbe, tarakimu sita. Fundi alinirushia ufunguo kabla sijamaliza kusoma. Mume wangu, aliyekuwa amesharudi kutoka shambani, aliendesha kwa mwendo ambao sitauandika. Giaboksi haikusumbua hata kilimani, hapo fundi apewe haki yake. Tulifika Kasulu saa nane. Madaktari walikuwa wanapakia masanduku. Nesi mmoja alimmulika mama machoni kwa tochi, akatuambia taratibu kwamba yangepasulika haya, ila wa mwisho amepasuliwa jana, maana lazima waone kidonda kesho yake kabla ya kuondoka.

"Mwakani mama," akamwambia.

"Nikiwepo," mama akajibu, akamshukuru kwa makofi.

Tulilala kwa ndugu wa mume wangu. Njiani kurudi leo mama aliuliza mara moja tu, je, tumepita Busunzu, kwa sababu ndiko alikozaliwa na huwa anapenda kupatazama. Tulikuwa tumeshapita.

Jioni hii umeingia ujumbe mwingine. Kampuni inauliza nimeridhikaje na huduma, moja hadi tano. Nimekaa nao muda mrefu. Nikahesabu giaboksi, fundi, yule binti aliyecheka. Nikahesabu muziki. Nikajihesabu na mimi, na mwavuli wa mwalimu mlangoni. Nikatuma tatu.

"Umewapa tatu?" mume wangu akauliza.

"Gari si limetengenezwa."

Ameniangalia, akatoka kwenda kumwaga ndoo. Mama akauliza tatu ya nini, nikamwambia ni mambo ya simu.

Tumekula ugali wa muhogo na samaki, mgebuka mkavu wa mawese. Wa mama nimemtolea miiba mmoja mmoja, nikamwongoza mkono hadi kwenye sahani.