Kidole Kivivu cha Fundi

Fundi cherehani huyu ameweka vipimo vya viuno vya wateja wake kwenye simu, na ni siri asiyomwambia hata mumewe. Tatizo, dole gumba lake limechakazwa na sindano, simu hailitambui tena. Kila mara aache kitambaa, abonyeze namba ya siri, na kazi zimelundikana.

"Toa hilo kufuli, shoga," mteja akamwambia. "Nani aibe viuno?"

"Wewe! Jana si ulikuwa unachungulia cha wifi yako?"

Mteja akacheka mpaka akakaa chini.

Fundi akaitazama mikono yake, kisha akakisajili kidole cha mwisho, kisichowahi kushika sindano wala mkasi. Simu ikafunguka papo hapo.

"Haya, mvivu," akakiambia, "leo umepata kazi ya ulinzi."