Maji ya Mti wa Nthenya

Uzazi ulimchukua Nthenya pamoja na mtoto, na mamake, Kavindu, akarudi Matinyani kutoka Kibwezi na mkoba wa nguo na mti mmoja ndani ya mkebe wa rangi. Ulikuwa mti wa mpira, ule wa kupamba nyumba: majani mapana yenye mabaka ya kijani na rangi ya maziwa, na jani changa likitoka lina wekundu kama ufizi wa mtoto. Marehemu aliuotesha mwenyewe dirishani mwa saluni alikosuka watu nywele. Nguo Kavindu aligawa. Mti aliuweka sebuleni, akaapa hautakufa mikononi mwake.

Sasa, mwambie mtu wa Matinyani kwamba kitu kinaweza kufa kwa maji, atakucheka hadi akae chini. Kule mahindi hufa kwa kiu, ng'ombe hufa kwa kiu, na ndoo ya maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto. Kavindu alioga kwa kitambaa, lakini mti ulikunywa asubuhi na jioni. Jani la kwanza lilipogeuka manjano, akaongeza kikombe. Mengine yalipodondoka, jirani yake Mbithi alichungulia akasema, "Mama Nthenya, hii mti iko na kiu mbaya." Kavindu akaongeza tena.

Wema hauozi, wanasema. Wangekuja kunusa.

Ilham, aliyefanya kazi na Nthenya saluni, alifika kutoa pole wakati shina limebaki na jani moja. Aliushika tu, ukang'oka wenyewe. Mizizi ilikuwa nyeusi, laini, inanuka. Akaomba kisu akate ncha ya juu, huenda ikaoteshwa upya. Alikata, akasogea juu kidogo akakata tena, hadi chini ya lile jani. Utomvu mweupe, ule wa mti ulio hai, haukutoka popote.

"Ni ugonjwa, mama. Ilitoka nao hukohuko Kibwezi," alisema, macho sakafuni.

Kavindu alikuwa mkulima tangu utotoni. Mzizi uliooza aliujua. Alimpenda binti huyo kwa uongo wake, lakini haukumsaidia.

"Usinifiche, mwanangu. Nthenya alikuwa anaipea maji namna gani?"

Ilham aliweka kisu chini. "Kidogo tu, mama. Mchanga ikikauka kabisa. Hizo siku zingine alikuwa anaiacha."

"Kumbe ilitaka tu niiache," Kavindu alisema, na hapo ndipo alipolia.