Ugali wa Njia ya Kasongo

Nilimwacha mume wangu kwa sababu ya chumvi. Miaka saba, kila nilipomwekea mezani sombe ya majani ya muhogo, alionja, akasema chumvi imepungua. Baraza la sultani wetu huku Kabambare lilinisikiliza, likavunja ndoa, nami nikarudi kwa mama nikalala usingizi mnono.

Mwezi wa tano ikaja barua. Mzungu wa sheria kule Kasongo, aliyekuwa akikagua hukumu za mabaraza, alikuwa ameifuta yetu. Kumbe walitakiwa waamuzi watatu, na siku ile wa tatu alikuwa ametoka kwenda kuangalia mtego wake. Hakuna aliyelalamika, si mimi, si mume wangu yule. Lakini nikawa mke wa mtu tena, na tukaamriwa sote wawili twende Kasongo tukahukumiwe upya. Nilikasirika hadi nikacheka.

Ilikuwa safari ya siku nne kwa miguu. Kwetu, mwanamke aliyegombana na mumewe akimpikia, naye akala, basi ugomvi umekwisha. Hakuna baraza litakalowasikiliza. Kwa hiyo kila mmoja alibeba unga wake na chungu chake. Mwanamume yule hajui kupika. Ugali wake ulikuwa uji, na siku ya pili aliteleza mtoni, hata unga wenyewe ukaenda na maji. Siku ya tatu alitembea kama mgonjwa. Nilimchukia, lakini afe akiwa mume wangu, mimi niwe mjane wake? Nikaweka tonge kubwa na sombe juu ya jani, nikatangaza kwa sauti kwamba nimeshiba, natupa. Nikageuka. Nilipotazama tena, jani lilikuwa safi.

Huko Kasongo mwamuzi mkubwa akamwuliza, "Mu njia, ulikula bugali ya huyu mwanamuke?"

Nikamkazia macho, maana yule bwana hajui kusema uongo.

"Nilikula yenye alitupa," akajibu.

Wakabishana asubuhi nzima kama ugali uliotupwa una mpishi. Mwishowe wakaamua kwamba kilichotupwa hakina mwenyewe. Ndoa ikavunjwa, na wote watatu wakatia dole gumba, mimi nikiwahesabu.

Tulirudi njia moja. Jioni ya kwanza nilipika chakula cha watu wawili, maana sasa sheria haikuwa na neno nasi. Akaonja sombe.

"Chumvi inatosha," akasema.

Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimetia chumvi ile ile, kwa vidole vile vile.